"Get" sio "kupata": mwongozo kamili wa kitenzi kinachowaangusha watu wengi

Kuna dada mmoja namfundisha Kiingereza jioni, anafanya kazi mapokezi hotelini. Asubuhi moja amepanda daladala, akaibiwa simu kwenye msongamano, akaazima simu ya abiria mwenzake akamtumia meseji meneja wake ambaye ni mgeni: "Sorry I will get late, I was stolen." Meneja akapiga ile namba kwa hofu kabisa, anauliza uko wapi, nani kakuchukua, nipigie polisi? Maana kwa alivyoielewa yeye, aliyeibwa ni dada mwenyewe, yani katekwa.

Meseji ya maneno nane ina makosa mawili, na yote yanahusu kitenzi hikihiki. Kila darasa jipya makosa ni yaleyale, na watu wenyewe wana akili na wanajituma, tatizo ni kwamba shuleni waliambiwa "get maana yake kupata", wakaandika, wakahama. Nimeamua kuandika mwongozo huu hatua kwa hatua, kwa mpangilio ninaoutumia darasani.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari jipya. Sio la kuchanganya na hesabu za duka.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Nyeusi ya kuandikia Kiswahili, nyekundu ya kuandikia Kiingereza. Utaona sababu hatua ya 4.
- Simu yenye sehemu ya kurekodi sauti.
- Kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya karatasi au ya kwenye simu. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke pembeni kwa sasa, kwa sababu ndo inayokurudisha kwenye "kupata".
- Nusu saa kwa siku, hatua moja kila siku. Usiruke, hasa ya 2 na ya 4.

## Hatua ya 1: Shika maumbo yake

Hapa ni haraka tu. Sasa hivi ni "get", kwa yeye mmoja ni "gets", jana ni "got", ya kuendelea ni "getting" yenye t mbili. Baada ya "have", Mwingereza anasema "got" na Mmarekani mara nyingi anasema "gotten". Chagua upande mmoja ubaki nao.

Angalizo: Mmarekani akisema "I've gotten a car" anamaanisha amefanikiwa kupata gari. Akisema "I've got a car" anamaanisha ana gari. Hata huko Marekani "gotten" haitumiki kwa maana ya kumiliki.

Na ukiwasikiliza kwenye filamu, "getting" inasikika kama "gedin" na "get up" kama "gedap". Usidhani ni neno lingine.

## Hatua ya 2: Badilisha wazo kichwani

Hii ndo hatua yenyewe. Sahau "kupata" kwa dakika tano.

"Have" na "be" zinaeleza hali, yani ulivyo au ulichonacho. "Get" inaeleza safari ya kuingia kwenye hali hiyo. Uko nje, sasa unaingia.

"I have a job" maana yake nina kazi, na "I got a job" sikuwa nayo, sasa ninayo. "I am tired" maana yake nimechoka tayari, na "I get tired" ni ule mwendo wa kutoka kwenye nguvu kuelekea uchovu. "I am home" niko nyumbani, "I got home" nilikuwa njiani nikafika.

Mambo matatu hayo, kwa Kiswahili ni maneno matatu tofauti: pata, choka, fika. Kwa Kiingereza ni "get" tupu, maana wao wanaangalia ule mlango wa kuingilia, sisi tunaangalia umeingia wapi. Ukilielewa hili vizuri, kazi iliyobaki ni kuzoea.

Utajua umefaulu ukiweza kuchukua sentensi tano za "have" na "be" na kuzigeuza kuwa "get", alafu ukaeleza kwa mdomo nini kimebadilika. Jirekodi ukieleza. Ukikwama katikati ya maelezo, rudia hatua kabla hujaendelea.

## Hatua ya 3: Pale ambapo "kupata" inakubali, na pale inapokudanganya

Inakubali vizuri tu kwenye kupata barua, zawadi, mshahara, kazi, visa, nafasi, malaria: "get a letter, get a job, get a visa, get a chance, get malaria." Hapo tembea bila wasiwasi.

Sasa inapokudanganya. Andika hizi daftarini, maana ndo zinazorudi kila siku.

Kupata ajali. Tunasema "nimepata ajali" na mtu anaandika "I got an accident". Kiingereza sanifu ni "I had an accident", au "I was in an accident".

Kupata mtoto. "She had a baby", au "She's having a baby" kama bado hajajifungua. "She got a baby" utaisikia sana huku kwetu, ila mgeni atawaza labda kapewa mtoto na mtu. Lakini kupata mimba ni "get pregnant", hapo iko sawa, kwa sababu ni kuingia kwenye hali.

Kupata faida na hasara. "Make a profit, make a loss." Wafanyabiashara mnaoandikiana na wateja wa nje, hii iangalieni sana.

Kupata chakula cha mchana, kwa maana ya kula, ni "have lunch". "Get lunch" ipo, ila inabeba wazo la kwenda kukitafuta au kukinunua.

Kupata shida. "I had a problem", au kama shida ni ya kujitakia, "I got into trouble".

Alafu kuna "get" ya kuleta au kwenda kuchukua, ambayo Kiswahili ni "niletee" au "nikuletee". Yule dada wa mapokezi anaitumia kila siku sasa: "Can I get you some water?" yani nikuletee maji? Na ukiwa unaomba wewe, sema "Could you get me some water, please?" Ile "Get me water" peke yake ni amri, na mtu mzima hawezi kuifurahia, hata kama wewe hukuwa na nia mbaya.

Moja inayofanana na yetu kabisa: "nakupata" kwa maana ya nakuelewa. "I get it, I get what you mean, got it." Ila kwenye simu mtandao ukisumbua, "unanipata?" ni "Can you hear me?" sio "Do you get me?", kwa sababu hapo unaulizia masikio yake.

## Hatua ya 4: Mtihani wa -me-

Hapa ntakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaachwa hapa, na dawa iko ndani ya Kiswahili chetu wenyewe.

Vitenzi kama choka, potea, lowa, kasirika, zeeka, lewa, zoea, oa na olewa, kwa Kiingereza vinahitaji maneno mawili: "get" pamoja na neno la hali. Get tired, get lost, get wet, get angry, get old, get drunk, get used to, get married.

Mtu anauliza, sasa lini niseme "I am tired" na lini "I get tired"? Angalia kiambishi cha wakati kwenye kitenzi chako cha Kiswahili.

Ukiona -me-, hali imeshakamilika, umeshaingia ndani. Tumia "be".

Ukiona -li-, -na-, -ta- au hu-, kwa kawaida unazungumzia ule mwendo wa kuingia. Tumia "get".

Chukua kalamu nyeusi uandike upande wa kushoto, nyekundu upande wa kulia:

Nimechoka: I'm tired.
Huwa nachoka haraka: I get tired quickly.
Nimelowa: I'm wet.
Tulilowa njiani: We got wet on the way.
Nimeoa: I'm married.
Nilioa 2019: I got married in 2019.
Nilikuwa nimekasirika: I was angry.
Alikasirika ghafla: He suddenly got angry.
Nimezoea: I'm used to it.
Utazoea tu: You'll get used to it.

Soma kwa sauti ukifunika upande mwekundu, alafu ufunike mweusi. Rangi mbili zinasaidia jicho likamate kwamba -me- imekaa na "be" kila mara. Kwa hiyo ukiwa kwenye intavyuu huna haja ya kutafuta sarufi ya Kiingereza kichwani, unajiuliza tu: hii kwa Kiswahili ningesema na -me- au bila -me-?

Maangalizo ya hatua hii ni manne.

La kwanza, kuchelewa. Mtu hasemi "I will get late", anasema "I'll be late". Kinachoweza "get late" ni muda wenyewe: "It's getting late", yani muda umeenda, tuondoke.

La pili, kuolewa. "Nimeolewa na Juma" sio "I'm married by Juma". Ukisema hivyo, Juma ni mchungaji au shehe aliyefungisha ndoa. Sema "I'm married to Juma" au "I got married to Juma", na sio "with". Unaweza pia kusema "I married Juma", hapo hakuna kineno chochote katikati.

La tatu, "get" ikifuatwa na jina la kazi haimaanishi kuwa. "I want to get a teacher" ni kutafuta mwalimu. Kama unataka kuwa mwalimu, "I want to become a teacher" au "be a teacher".

La nne, vitu vinavyoharibika. Maziwa au nyama imeharibika ni "gone bad", hapo wanatumia "go". Ila hali ya mgonjwa au ya barabara kuzidi kuwa mbaya ni "getting worse", na kupata nafuu ni "getting better".

Na baada ya "used to" kwa maana ya kuzoea, kitenzi kinachofuata kinabeba -ing: "I got used to waking up early." Ukiandika "used to wake up" umebadilisha maana, umesema zamani ulikuwa unaamka mapema na sasa huamki tena.

Utajua umefaulu ukiandika sentensi kumi za maisha yako, tano zenye -me- na tano bila, na ukazigeuza zote bila kusita. Usichukue sentensi za kitabuni. Andika ulivyolowa wewe, ulivyopotea wewe.

## Hatua ya 5: Kufika

"Get to" pamoja na mahali: get to work, get to the airport, get to Dodoma. Lakini maneno matatu hayataki "to": home, here, there. Basi ni "I got home", "When did you get here?", "Call me when you get there".

Sababu ni kwamba maneno hayo matatu yameshabeba ule mwelekeo ndani yake, kama sisi tunavyosema "njoo hapa" bila kuongeza "kwa". Walimu wangu hawakunieleza hivyo, waliniambia nikariri, nikawa nasahau kila wiki.

Angalizo: "reach" nayo haitaki "to". "Reach the office", sio "reach to the office". Watu wakijifunza "get to" wanaihamishia huko.

## Hatua ya 6: -wa na -sha

Tunarudi kwa dada wa hotelini. Alichotaka kusema ni "nimeibiwa". Kwa Kiswahili anayeibiwa ni mtu na kinachoibwa ni kitu, Kiingereza hakina utaratibu huo. "I was stolen" ni wewe umebebwa. Sema "My phone got stolen" au "I got robbed", kwa sababu "steal" inaenda na kitu na "rob" inaenda na mtu.

"Get" hii inabeba ile -wa yetu kwenye mambo yanayomkuta mtu, mengi mabaya na mengine mazuri: get fired ni kufukuzwa kazi, get bitten ni kung'atwa, get caught ni kukamatwa, get paid ni kulipwa, get promoted ni kupandishwa cheo. Ni ya mazungumzo zaidi. Kwenye ripoti weka "was": "My phone was stolen."

Alafu -sha, na hapa Kiswahili kinatubeba sana. Nimeshonesha gauni, nimetengenezesha simu. Kazi kafanya fundi, mwenye shida ni mimi. Kiingereza ni "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha umbo la tatu: "I got a dress made. I got my phone repaired."

Mpangilio huo usiuguse. Ukisema "I got repaired my phone" umevunja sentensi, na ukisema "I repaired my phone" umesema fundi ni wewe. Kosa linalojificha zaidi ni la nywele. "Nimekata nywele" tunasema hata kama tulikaa kwenye kiti cha kinyozi, ila "I cut my hair" wengi watakuona umesimama mbele ya kioo na mkasi wako. "I got my hair cut" ndo inayomtaja kinyozi bila kumtaja.

Kama unamtaja aliyefanya, ongeza "to": "I got the fundi to come on Sunday", yani nilimbembeleza mpaka akakubali kuja Jumapili. Kuna jitihada ndani yake. Ukitumia "make", "to" inatoka na maana inakuwa ya kulazimisha: "I made him come."

Utajua umefaulu ukitaja vitu vitatu ulivyofanyiwa na mafundi mwezi huu, kwa mpangilio sahihi, bila kuangalia daftari.

## Hatua ya 7: Tofautisha ndugu watatu

"I've got to go": lazima niende. Kwenye meseji utaona "gotta go", usiiandike kwenye barua ya kazi.

"I've got a meeting": nina kikao. Ni "have" ileile.

"I got to see my grandmother": nilipata fursa ya kumuona bibi. Hapa kuna furaha, mtu alitamani akabahatika.

Ya kwanza na ya tatu zinachanganywa sana, kwa sababu kwenye maongezi ile "have" inamezwa. Sikiliza muktadha: ni mzigo au ni bahati?

## Hatua ya 8: Vineno vya nyuma

Viko vingi mno, usivimeze vyote. Anza na vya usafiri. Basi, daladala, treni, ndege, boti, baiskeli na bodaboda ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of", na bajaji naiweka humo pia. Kigezo: chombo unachoweza kusimama au kutembea ndani yake, au unachokaa juu yake, ni "on". Kile unachojipenyeza na kukaa tu ni "in". Kwenye Hiace huwezi kusimama wima, nakubali, ila kwa kuwa ni usafiri wa umma wenye njia yake, inabaki "on".

Ukishika hivyo, ongeza sita: get up ni kutoka kitandani (kufumbua macho tu ni wake up), get along with ni kuelewana na mtu, get over ni kupona maumivu au kusahau jambo lililokuumiza, get rid of ni kuondokana na kitu, get through to ni kumpata mtu kwenye simu, na get back to someone ni kumrudia mtu na jibu. Hiyo ya mwisho ni ya muhimu kazini: "Let me check and I'll get back to you." Ukiisema ujue umeahidi, mteja anasubiri.

## Hatua ya 9: Pale pa kuiacha

Kwenye barua ya maombi ya kazi, insha ya mtihani au ripoti, "get" nyingi zinafanya maandishi yaonekane ya kijiweni. Badilisha kwa maana: receive kwa kupokea, obtain kwa kupata kwa jitihada, become kwa kugeuka kuwa, arrive kwa kufika, understand kwa kuelewa. "Tanganyika gained independence in 1961" inakaa vizuri kwenye karatasi kuliko "got".

Ila msizidishe. Nimeona watu wanamwandikia rafiki "I obtained your message". Kwa rafiki, "I got your message" ndo lugha.

## Jaribio

Geuza aya hii peke yako, alafu ndo uangalie chini:

"Jana nilichelewa kuamka. Nikavaa haraka, nikapanda daladala, nikashuka Buguruni. Nilipofika kazini nilikuwa nimelowa. Mchana nikatengenezesha simu yangu. Jioni giza likaanza kuingia, nikafika nyumbani saa mbili usiku, nimechoka."

Majibu:

"I got up late yesterday. I got dressed quickly, got on a daladala and got off at Buguruni. When I got to work, I was wet. In the afternoon I got my phone repaired. In the evening it started getting dark, and I got home at eight, tired."

Angalia mambo matatu. "Nilikuwa nimelowa" umeweka "was"? Kuna -me- pale. "Home" umeiacha bila "to"? Na saa mbili usiku umeandika "eight" na sio "two"? Hiyo ya saa haihusu "get", ila kila mara nikitoa aya hii kuna anayeandika "two", na ni watu haohao watakaowapangia wageni ratiba ya ndege.

Ukikosea kwenye "was wet" au "tired", rudi hatua ya 4. Ukikosea kwenye simu, rudi hatua ya 6. Ukipata yote, andika aya yako ya siku ya jana, kwa kalamu nyeusi kwanza.